Matumizi Salama ya Vidonge vya Vitamini D kwa Wakazi wa Delta ya Rufiji

Kata ya Kiongoroni, iliyopo katika delta ya Mto Rufiji wilayani Kibiti, Mkoa wa Pwani, hupata jua mwaka mzima. Ngozi ya binadamu ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D, na kwa njia hiyo mwili hauwezi kuzidisha kiasi. Samaki wenye mafuta, wakiwemo dagaa, huongeza kiasi kingine. Mvuvi mwenye afya njema anayeshinda nje kwa kawaida hana haja ya kununua vidonge hivi.

Wanaoweza kuvihitaji ni wazee wasiotoka ndani, watu wanaofunika mwili wote muda mwingi, baadhi ya watoto wachanga, watu wenye ualbino ambao hupaswa kujikinga na jua, na wanaotumia kwa muda mrefu dawa kama fenobabitoni. Mtoto mwenye dalili za matege apelekwe kwanza kituo cha afya, kwani matege husababishwa pia na upungufu wa kalsiamu.

Kipimo cha vitamini D huandikwa kwa herufi IU. Mtu mzima huhitaji IU 600 kwa siku, aliyezidi miaka 70 IU 800, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja IU 400. Bila usimamizi wa daktari, mtu mzima asivuke IU 4,000 kwa siku, na mtoto wa chini ya miezi sita IU 1,000. Palipoandikwa mikrogramu, kila mikrogramu 1 ni sawa na IU 40.

Makosa mengi huanzia hapo. Zipo kapsuli za IU 50,000 ambazo daktari humwandikia mgonjwa ameze moja kwa wiki. Akimeza kila siku, hupata mara saba ya alichoandikiwa. Zipo pia chupa za watoto ambazo tone moja pekee lina IU 400, na nyingine ambazo kiasi hicho kimo katika mililita nzima. Mzazi aliyezoea chupa ya pili akipima mililita ya ile ya kwanza, humpa mtoto zaidi ya mara 20 ya kinachotakiwa. Kijiko cha chai kisitumike kabisa.

Vitamini D iliyozidi haitoki upesi kwa mkojo. Huhifadhiwa katika mafuta ya mwili na kupandisha kalsiamu kwenye damu. Dalili zake ni kutapika, kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kufunga choo na kuchanganyikiwa, na figo huweza kuharibika. Hatari huongezeka kwa wenye ugonjwa wa figo na kwa wanaotumia digoksini au dawa za shinikizo la damu aina ya bendrofluazaidi.

Kwa mkazi wa delta anayelazimika kusubiri maji yajae ndipo boti iondoke, dalili hizo si za kuahirishwa hadi kesho. Aache vidonge mara moja, na aendapo kituoni abebe chupa au pakiti yenyewe ili mhudumu asome kipimo.