Mabao 434 ya Arthur Rowley

Bishana na mashabiki wa mpira wa Uingereza kuhusu straika bora na utatajiwa Shearer na mabao yake 260, kana kwamba ligi ilianza 1992. Lakini rekodi ya mabao ya ligi kule ni ya Arthur Rowley: 434 katika mechi 619. Alistaafu 1965, na hadi leo hakuna aliyemfikia.

Mbona basi hatumjui? Shida ni alikofungia. Alizaliwa Wolverhampton 1926. West Brom walimchezesha mechi 24 za ligi, akafunga 4 tu, wakamwachilia. Akapitia Fulham, kisha Leicester, na hapo ndipo moto uliwaka: 251 katika mechi 303. Msimu wa 1956/57 pekee alifunga 44, wakashinda Daraja la Pili. Jamaa alikuwa mzito, si mtu wa mbio, ila mguu wa kushoto ulikuwa mzinga.

Mwaka wa 1958 alienda Shrewsbury kama mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Daraja la Nne ndio lilikuwa linaanza. Akafunga 38, wakapanda.

Wapo watakaosema mabao ya huko chini ni ya bure. Sawa, lakini Leicester walipopanda Daraja la Kwanza jamaa aliendelea kufunga tu. Kakake Jack, wa Manchester United, aliitwa timu ya taifa akacheza mechi 6. Arthur hakuichezea hata moja.