Uyoga wa mchwa na uyoga wa dawa: una faida gani mwilini?

Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, huleta sokoni Kampala uyoga mdogo mweupe ambao Waganda huuita obubaala. Kisayansi ni Termitomyces microcarpus. Mkulima wake ni mchwa: hulima kuvu ndani ya kichuguu ili imlainishie majani na miti mikavu, kisha hutoa nje vipande vya shamba lake, na hapo uyoga huchipuka. Mtu bado hajaweza kuulima kama uyoga wa kawaida, ndiyo maana bei yake si ya chini. (Ukimkaribisha jirani wa ukoo wa Butiko akakataa kula, usiudhike. Uyoga ni mwiko wa ukoo wake.)

Uyoga mbichi ni maji kwa karibu sehemu tisa kati ya kumi, kwa hiyo sahani moja haichukui nafasi ya maharage. Ukikauka, protini hufikia takriban robo ya uzito wake. Uanike juani: mwanga wa jua huufanya utengeneze vitamini D. Uliokauka ukitwangwa na kupikwa na karanga, familia hupata mchuzi wenye nguvu.

Uyoga pia una antioksidanti, yaani viini vinavyozuia uharibifu wa chembe za mwili. Kimoja huitwa ergothioneini. Mwili wa binadamu hauwezi kukitengeneza. Hukipata kwenye chakula, na uyoga ndio wenye kingi zaidi. Hiyo ni faida ya chakula. Haimaanishi kwamba uyoga unaponya ugonjwa.

Hapo ndipo watu huchanganyikiwa, kwa sababu kuna uyoga mwingine, Ganoderma, mgumu kama ubao, unaoota kwenye magogo na mashina ya miti. Hauliwi, huchemshwa kama chai au huuzwa kama unga na vidonge. Wachina wameutumia kwa karne nyingi. Mwaka 2016 wataalamu wa Cochrane walipitia majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa wa saratani, na hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuufanya tiba ya kwanza. Unaweza pia kuongeza hatari ya kutoka damu kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Mbuya inajua thamani ya dawa za VVU: Reach Out Mbuya imekuwa ikihudumia wagonjwa hapa tangu 2001. Anayekuambia uache ARV, dawa za kifua kikuu au za kisukari kwa ajili ya unga wa uyoga anahatarisha maisha yako. Ukitaka kuutumia, mwambie kwanza mhudumu anayekupa dawa.

Kwa wanaookota wenyewe, hasa waliotoka Kongo: uyoga wa hapa unaweza kufanana na wa nyumbani na usiwe ule ule. Kijiko cha fedha hakitambui sumu, wala wadudu kuula si dalili ya usalama, na kupika hakuondoi sumu kali. Sumu hatari zaidi huanza kuumiza baada ya saa sita au zaidi. Mgonjwa huharisha, hupata nafuu ya muda, huku ini likiharibika. Usisubiri. Katika vituo vya afya vya serikali ya Uganda mkimbizi hutibiwa kama raia. Nenda na mabaki ya uyoga ulioliwa, hata kama umeshapikwa.