Gosipiboma: Pale Kitambaa cha Upasuaji Kinabaki Ndani ya Mgonjwa

Wasee, hili jina liko na Kiswahili ndani. Gosipiboma ni uvimbe unaotokea kitambaa cha upasuaji kikisahaulika mwilini. Limeundwa na "gossypium", Kilatini cha pamba, na "boma" yetu ya kawaida. Yaani pamba imejijengea boma ndani yako. Noma!

Mwili hufanya nini?
Mwili hauwezi kusaga pamba. Chembe nyeupe za damu zinajua huyo ni mgeni, zinajaribu kumeza, zinashindwa. Basi zinaungana kuwa seli kubwa kubwa, halafu kovu linazungushwa kama ukuta. Hiyo ndiyo granuloma. Inaweza kukaa kimya miaka mingi, na ikionekana kwa picha, inaweza kudhaniwa ni saratani.

Aina ya pili ndiyo mbaya zaidi. Bakteria zikiingia, usaha unajaa na jipu linaweza kujitoboa hadi kwa ngozi au utumbo. Hii mara nyingi hujitokeza mapema.

Si pamba pekee. Nyuzi za kushonea na poda ya glavu pia huleta granuloma. Marekani ilipiga marufuku glavu za poda kwa madaktari 2017.

Dalili ni gani?
Maumivu yasiyoisha, homa, kutapika, uvimbe, au kidonda kinachotoa usaha kila mara. Usinunue tu dawa kwa kemisti ukanyamaza. Rudi hospitali, uambie daktari ulipasuliwa lini na sehemu gani. Vitambaa vingi vya upasuaji huwa na uzi unaoonekana kwa eksirei, na skani ya CT huonyesha zaidi. Dawa pekee haimalizi hii stori, lazima kitambaa kitolewe.

Inazuiwaje?
Kwa kuhesabu. Vitambaa, sindano na vyuma huhesabiwa kabla ya kuanza, kabla ya kufunga na mwishoni. Hatari hupanda upasuaji ukiwa wa dharura, ama mpango ukibadilika katikati. Na cheki hii: mara nyingi kitu kikisahaulika, hesabu ilikuwa imeandikwa iko sawa. Kwa hivyo ukiambiwa "tulihesabu" na bado unaumwa, omba picha.

Hapa Kenya, itisha nakala ya rekodi zako za matibabu. Malalamiko dhidi ya daktari ama hospitali hupelekwa KMPDC, baraza linalosimamia madaktari.