Simbilisi Wasio na Bakteria: Historia ya Usafi wa Maabara

Mwaka 1885, Louis Pasteur alitoa rai kwamba mnyama aliyenyimwa bakteria wote wa tumboni hangeweza kuishi, kwa kuwa aliamini kwamba viumbe hao ni washirika wa lazima katika kusaga chakula. Miaka 10 baadaye, mjini Berlin, George Nuttall na Hans Thierfelder waliijaribu rai hiyo kwa simbilisi, yule mnyama mdogo mla majani asiye na mkia ambaye katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania hufugwa kwa kitoweo. Walichagua vizuri, maana simbilisi, tofauti na panya anayezaliwa uchi na kipofu, hukaa tumboni mwa mama yake zaidi ya miezi miwili na huzaliwa na manyoya, meno na macho yaliyofunguka. Kitoto kilitolewa kwa kupasua tumbo la mama, ili kisiambukizwe njiani, kikawekwa katika chombo cha kioo kilichopitishiwa hewa iliyochujwa, kikanyweshwa kila saa, usiku na mchana, maziwa yaliyotakaswa kwa joto. Kiliishi siku 8, na kilipochunguzwa, utumbo wake haukuonekana kuwa na bakteria.

Siku 8 ni chache, na wapinzani hawakukosa la kusema. Kulikuwa na kikwazo ambacho wakati huo hakikujulikana: joto linaloua vijidudu huharibu pia vitamini C, ambayo simbilisi, kama binadamu, hawezi kuitengeneza mwilini. Axel Holst na Theodor Frølich wa Norwe ndio walioonyesha, mwaka 1907, kwamba simbilisi hupata kiseyeye kwa lishe mbovu; kwa hiyo baadhi ya vifo vilivyohesabiwa kuwa ushahidi wa Pasteur huenda vilitokana na chakula tu. Lishe ilipoeleweka, kazi ilisonga mbele: Gösta Glimstedt aliwalea simbilisi wasio na bakteria huko Lund, Uswidi, katika miaka ya 1930, naye James Reyniers wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, akaunda matangi ya chuma yenye glavu ndefu za mpira, ambayo Philip Trexler aliyabadilisha mwaka 1957 kuwa mahema ya plastiki ya bei nafuu.

Hata hivyo, mnyama huyo safi alikuwa kiumbe wa ajabu. Mfuko ulio mwanzoni mwa utumbo wake mpana, ambamo majani huchachuka, ulivimba kupita kiasi, na tezi zake za kinga zilidumaa. Mwaka 1955 ilibainika kwamba amiba wa kuhara damu, waliopandikizwa tumboni mwake, walishindwa kumtia vidonda bila msaada wa bakteria. Penisilini nayo ilitoa fundisho la kinyume: dawa hiyo, ambayo tangu 1943 ilijulikana kuwaua simbilisi wa kawaida, ilivumiliwa na wale wasio na bakteria, jambo linaloonyesha kwamba muuaji si dawa yenyewe, bali ni bakteria wabaya wanaotamalaki wale wema wakishafyekwa. (Ilikuwa bahati kwamba mtafiti Howard Florey, mwaka 1940 huko Oxford, aliijaribu kwa panya, si kwa simbilisi.)

Kwa sababu hiyo wafugaji wa maabara hawatafuti tena utumbo mtupu, isipokuwa kwa utafiti maalumu. Vitoto vinavyotolewa kwa upasuaji hupandikizwa bakteria wachache wanaofahamika, wasio na madhara, kisha kundi hupimwa mara kwa mara kuhakikisha kwamba vimelea wa magonjwa hawajapenya.