Chuo Kikuu: Karo na Umbali



Kila mwaka wa masomo unapoanza, mazungumzo katika jumuiya zetu hurudi kwenye minervali: imepanda kiasi gani, italipwa kwa dola au kwa franka, na mzazi mwenye watoto watatu chuoni atauza nini safari hii. Ni mazungumzo ya haki. Lakini tukitazama nyuma tunaona kwamba bei ya elimu ya juu katika nchi yetu ilikuwa daima na sehemu mbili, karo na umbali, na kwamba serikali ilipompunguzia mzazi mzigo mmoja, mara nyingi ilimwongezea ule mwingine.

Kabla ya mwaka 1954, njia ya masomo ya juu kwa Mkongomani ilikuwa seminari kuu. Ndiyo iliyomtoa Stefano Kaoze, padri wetu wa kwanza, mwaka 1917. Mlei aliyetamani sheria au udaktari hakuwa na mahali pa kwenda. Thomas Kanza alipoanza masomo Louvain mwaka 1952, jambo hilo lilikuwa la ajabu kiasi cha kujadiliwa Ubelgiji na hapa nyumbani. Ndipo Lovanium ikafunguliwa mwaka 1954 juu ya kilima karibu na Kimwenza, ikiongozwa na Monsinyori Luc Gillon, na mwaka 1956 chuo kikuu cha serikali kikaanza Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ambako wanafunzi wa kwanza wengi wao walikuwa Wazungu. Uhuru ulipofika Juni 1960, walei wetu wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika hata thelathini, wakati mapadri Wakongomani walikuwa wamekwisha kuhesabiwa kwa mamia. Kikwazo hapo hakikuwa karo. Shule za sekondari za kumfikisha mtoto Mwafrika kwenye mlango wa chuo zilikuwa chache mno, na zilichelewa kuanzishwa.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1961, kwa msaada wa UNESCO, ilianzishwa taasisi ya taifa ya ualimu mjini Kinshasa ili tupate walimu wa sekondari wa kwetu. Mwaka 1963 Waprotestanti walifungua chuo kikuu Kisangani. Mwaka 1967 ukaja mtihani wa serikali, na sisi walimu tunaupa uzito kuliko majengo yote hayo. Tangu siku hiyo mtoto wa Shabunda na mtoto wa Kinshasa wanajibu karatasi moja, na diploma ya serikali ikawa ufunguo ambao hauulizi ulisoma kwa nani. Aliyepokelewa chuoni alipewa ruzuku, kitanda na chakula. Masomo ya juu hayajawahi kuwa rahisi kwa mfuko wa mzazi kama wakati ule, ila wanafunzi walikuwa wachache, na vyuo vilikuwa mbali.

Umbali huo ulizidi mwaka 1971. Serikali ya Mobutu, iliyokuwa imewapiga risasi wanafunzi mjini Kinshasa Juni 1969 na kuwaingiza wengine jeshini kwa nguvu miaka miwili baadaye, iliviunganisha vyuo vikuu vyote vitatu kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Kanisa likanyang'anywa Lovanium, na mwaka 1974 hata kitivo cha teolojia kikaondolewa. Vitivo viligawanywa: sheria na udaktari Kinshasa, fasihi na sayansi za jamii Lubumbashi, saikolojia na elimu Kisangani. Tuseme kweli, mpango ule ulikuwa na hoja zake: kutorudia gharama mara tatu, na kuwachanganya vijana wa majimbo yote. Lakini kijana wa Kivu aliyetaka sheria alipaswa kuvuka nchi nzima, na kutoka Kisangani hadi Kinshasa, kwa mto peke yake, ni kilomita zaidi ya 1,700. Wengi walibaki Bukavu wakasomea ualimu kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Shule zetu zilinufaika; mahakama na hospitali hazikunufaika.

Katika miaka ya 1980 fedha zilikwisha. Chuo kile kimoja kilivunjwa mwaka 1981, vyuo vitatu vikarudi, lakini ruzuku ilififia na majiko ya wanafunzi yakapoa. Mishahara ya maprofesa ililiwa na kuporomoka kwa sarafu, na mzazi akaanza kulipa kile kilichokuwa kimelipwa na hazina. Sasa alibeba mizigo yote miwili.

Hapo ndipo majimbo ya mashariki yalipoanza kujitafutia. Mwaka 1989 maaskofu walianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, na mwaka huohuo Askofu Emmanuel Kataliko akaanzisha Graben huko Butembo. Karo ilikuwa nzito, lakini ilisomeka nyumbani. Serikali nayo, mwaka 1993, ilikubali Chuo Kikuu cha Kisangani kifungue matawi Bukavu na Goma. Maprofesa walisafirishwa kwa ndege, somo la miezi likabanwa katika majuma mawili, na vitabu vilikuwa haba. Hata hivyo mwanafunzi alilala kwao na kula chungu cha mama yake. Binti ambaye baba asingemruhusu kwenda Kinshasa peke yake alipata kiti darasani, katika nchi iliyompata mwanamke wake wa kwanza mwenye shahada, Sophie Kanza, mwaka 1964 tu. Vita vilipoigawa nchi tangu 1998, matawi hayo yalikuwa kwa wengi mlango pekee. Mwaka 2004 yalipewa uhuru wake.

Tangu hapo vyuo vimeongezeka, vingine vikiwa na ubao mlangoni kuliko walimu ndani, na karo imebaki mabegani mwa mzazi. Septemba 2019 serikali ilitangaza elimu ya msingi bila malipo katika shule zake, kama katiba inavyodai. Miezi minne baadaye, Januari 2020, wanafunzi wa Kinshasa waliandamana kupinga ongezeko la minervali, na chuo kikafungwa. Watoto walioingia darasa la kwanza bila kulipa ile Septemba wataandika mtihani wa serikali mwaka 2031. Watakuwa wengi kuliko wowote waliowatangulia, na mpaka sasa hakuna sheria inayosema nani atalipia mwaka wao wa kwanza chuoni.