Klamidia katika Ukanda wa Dhahabu wa Geita na Shinyanga

Klamidia ni ugonjwa wa zinaa unaosababishwa na bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis. Wanawake wengi wenye maambukizi hayo hawaoni dalili yoyote. Katika machimbo kama Nyarugusu mkoani Geita na Mwakitolyo mkoani Shinyanga, wachimbaji wadogo huhama kufuata duara jipya. Mwanamke anapogundulika, mwenza wake huenda ameshaondoka.

Vituo vingi vya afya hutibu kwa kufuata dalili. Njia hiyo si ya kubezwa: jaribio la mwaka 1991 hadi 1994 mkoani Mwanza, Geita ikiwa bado wilaya ya mkoa huo, lilionesha kuwa kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Hata hivyo, asiye na dalili haendi kituoni. Asipotibiwa, bakteria huweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu yanayoleta ugumba, au mimba kutunga nje ya mji wa mimba, ambayo ikipasuka huweza kuua. Mtoto naye huweza kuambukizwa macho na mapafu wakati wa kuzaliwa.

Tiba ni doksisaiklini kwa siku 7. Mjamzito hupewa azithromaisini. Wenza hutibiwa pamoja, nao hujizuia kujamiiana kwa siku hizo.