Kalenda ya Sumaku: Kutoka Olduvai hadi Mashapo ya Ituri

Kutoka Bunia, mji wa Ituri, mashariki ya Kongo, ulio kwenye uwanda wa juu unaokaribia mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, hadi Kasenyi kwenye ukingo wa Ziwa Albert, ardhi hushuka zaidi ya mita 600, na genge refu inaloshukia ndilo ukuta wa tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Chini ya genge hilo, mashapo, yaani mchanga, matope na changarawe vilivyoletwa na mito vikatuama, yamelundikana kwa unene wa kilomita kadhaa, na ndani yake mna visukuku vya viboko, tembo na nguruwe mwitu wa zamani. Swali la umri wa mashapo hayo limewashughulisha wanajiolojia tangu enzi ya Wabelgiji, na njia iliyozaa matunda makubwa upande wa mashariki wa bara, ile ya kusoma migeuko ya sumaku ya dunia, imekuwa ngumu zaidi kuitumia katika Ituri.

Msingi wa njia hiyo ni kwamba chuma kilichoyeyuka katika kiini cha nje cha dunia huzunguka na kuzalisha uga wa sumaku unaoielekeza dira, na kwamba uga huo, mara kwa mara na bila mpangilio, hugeuka, kaskazini ya sumaku ikawa kusini. Zaha inapopoa chini ya nyuzi joto 580 hivi, chembe zake za magnetaiti, ambayo ni madini ya chuma yenye usumaku wa asili, hushika mwelekeo wa uga wa wakati huo na kubaki nao. Matope ya ziwani hufanya vivyo hivyo, ingawa kwa unyonge zaidi, chembe zake zinapotuama majini. Mwaka 1906 Mfaransa Bernard Brunhes alieleza juu ya zaha ya nchini kwake, pamoja na udongo uliookwa nayo, vyenye usumaku ulioelekea kinyume na wa leo, na mwaka 1929 Mjapani Motonori Matuyama akaonyesha kuwa miamba ya namna hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko ile yenye mwelekeo wa sasa. Wengi hawakusadiki, na shaka yao haikuwa ya kijinga, kwa maana baadaye ilithibitika kwamba yapo madini machache yanayoweza kujigeuza yenyewe wakati wa kupoa.

Shaka hiyo iliondolewa kuanzia mwaka 1963, wakati Allan Cox, Richard Doell na Brent Dalrymple huko California, na Ian McDougall na Don Tarling huko Canberra, walipopima mwelekeo wa zaha pamoja na umri wake kwa njia ya potasiamu na agoni, inayohesabu ni kiasi gani cha potasiamu nururifu kimekwisha kugeuka kuwa gesi ya agoni. Zaha za umri mmoja, hata zikiwa katika mabara tofauti, zilionyesha mwelekeo mmoja. Ndipo ikapatikana kalenda: kipindi cha Brunhes, chenye mwelekeo wa leo, kilichoanza miaka 780,000 hivi iliyopita, nyuma yake Matuyama, wa kinyume, hadi miaka milioni 2.58, kisha Gauss, hadi milioni 3.6, kisha Gilbert.

Katika kalenda hiyo Afrika Mashariki ina sehemu yenye jina lake. Mwaka 1963 Sherman Grommé na Richard Hay walitangaza kwamba zaha iliyo katika tabaka la chini la Bonde la Olduvai, Tanganyika, ilikuwa na mwelekeo kama wa leo, ingawa umri wake uliangukia katikati ya zama za kinyume. Kipindi hicho kifupi, cha kuanzia miaka milioni 1.95 hivi hadi milioni 1.78, kikaitwa Olduvai, na kwa miongo mingi mwisho wake ulitumika kuwa alama ya karibu kabisa ya mwanzo wa enzi ya kijiolojia ya Plaistosini, mpaka mwaka 2009 mwanzo huo uliporudishwa nyuma hadi mpaka wa Gauss na Matuyama. Kilichoipa Olduvai hadhi hiyo ni zaha na majivu ya volkano yaliyolala papo hapo kando ya visukuku, ambavyo miongoni mwake ni fuvu la zamadamu lililogunduliwa na Mary Leakey mwaka 1959.

Usumaku peke yake hausemi tarakimu. Husema tu kaskazini au kusini, na mfuatano wa majibu mawili waweza kulinganishwa na zaidi ya sehemu moja ya kalenda. Hatari hiyo ilionekana mashariki ya Ziwa Turkana, ambako jivu la volkano liitwalo KBS lilikuwa limepewa umri wa miaka milioni 2.6, vipimo vya sumaku vilivyochapishwa mwaka 1974 vikafasiriwa kwa namna iliyoafikiana na umri huo. Ni visukuku vya nguruwe, vikilinganishwa na vya bonde la Omo nchini Ethiopia, vilivyopinga, na vipimo vipya vikaushusha umri hadi karibu milioni 1.9, ndani ya kipindi cha Olduvai chenyewe. Meno ya nguruwe, kwa maneno mengine, yaliisahihisha mitambo ya maabara.

Ituri ina vikwazo vya ziada. Kwanza, kando ya Ziwa Albert upande wa Bunia hakuna zaha. Volkano za tawi hili ziko mbali, kusini, katika Virunga na katika eneo la Toro na Ankole nchini Uganda. Pili, Bunia iko digrii moja na nusu tu kaskazini ya ikweta, mahali ambapo uga wa dunia, kwa wastani wa maelfu ya miaka, hulala karibu sambamba na ardhi, ukiinama kwa digrii 3 tu. Katika nchi za mbali na ikweta, kipande cha mwamba kilichochimbuliwa kwa keekee kutoka kisimani hufichua mgeuko kwa kuinama juu au chini, hata ikiwa hakijulikani kilielekea wapi kilipokuwa ardhini. Karibu na ikweta kipande kama hicho hakisemi kitu, isipokuwa mwelekeo wake umetiwa alama kabla hakijatolewa.

Tatu, mvua na joto huvunja madini ya chuma na kuunda mapya katika udongo mwekundu, nayo hubeba usumaku wa siku za karibuni unaofunika ule wa kale. Nne ni radi. Mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani, na kila pigo hutia usumaku mpya na mkali katika mwamba ulio wazi, hata sampuli iliyochukuliwa mahali hapo ikapotosha. Maabara huweza kuondoa sehemu ya usumaku huo wa juu kwa kuipasha sampuli moto hatua kwa hatua, lakini chembe zenyewe zikishaharibika hakuna kinachorudi.

Kwa sababu hizo, mashapo ya Sinda na Mohari, katika bonde la chini la Semliki, yamepewa umri wa enzi ya Miosini kwa visukuku vya wanyama wake. Miamba ya dhahabu ya Kilo, pia katika Ituri, haihusiki kabisa: ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ilhali kalenda ya sumaku isiyokatika, iliyosomwa kwenye sakafu za bahari, haifiki miaka milioni 200. Pango la Matupi, katika Mlima Hoyo, nalo liko upande wa pili wa tatizo, kwani watu walioishi humo makumi ya maelfu ya miaka iliyopita waliishi ndani ya kipindi cha Brunhes, na kazi ya kuwapa tarehe ilifanywa na kaboni.

Tumaini kubwa zaidi lipo ng'ambo ya ziwa. Upande wa Uganda, wanajiolojia wametambua katika mashapo tabaka nyembamba za majivu ambazo kemia yake inalingana na ya majivu ya bonde la Turkana, yaani upepo uliyavusha kutoka volkano za mashariki hadi ufa wa magharibi. Tabaka kama hizo zikitambuliwa na kupimwa chini ya genge la Bunia, mfuatano wa sumaku wa mashapo ya Ituri utapata tarehe ya kushikiliwa nayo, na sampuli za kuusoma mfuatano huo zitapaswa kuchukuliwa mbali na uso wa mwamba uliopigwa na radi, kila moja ikiwa na alama ya dira.